Shika Kijani Tu

Baba Mwamini,

Pilau iko jikoni, nimeipalia makaa. Usiifunue-funue. Mbuzi hajanyweshwa.

Mimi nimekimbilia mjini. Usikasirike kwanza, soma.

Wewe ndiye uliyewaahidi watoto kuwapeleka Mnazi Mmoja kwenye pembea za Idi. Umetoka kuswali, ukanyoosha moja kwa moja Kurui kwa nduguzo. Haya. Watoto wamelia mpaka baba yako amewaonea huruma, akapanda nao lori. Macho yake unayajua. Nikamwambia, "Baba, usihangaike na sura. Wote watatu nimewashonea kitambaa cha kijani chenye madoa meupe. Mjini wewe shika kijani tu."

Lori lilipoondoka ndipo nilipoona. Watoto wote wa Kibuta waliojaa mle wamevaa kijani chenye madoa meupe! Kumbe kina mama sote tumekatiwa jora moja pale dukani. Baba ananipungia mkono kwa furaha, amekumbatia watoto watatu wa kijani, na mmoja wao si wetu. Mwanamvua wetu alikuwa nyuma kabisa, peke yake, analia. Nimepiga kelele, zikamezwa na vigoma vyao.

Nadandia lori linalofuata.

~~Nifuate upesi.~~ Hapana, baki. Kuna mama atakuja hapo anamtafuta mwanawe. Mkaribishe, mpakulie pilau, mwambie atulie, mwanawe kashikwa mkono na Babu.

Wetu ndiye sijui kashikwa na nani.

Mama Mwamini