Macho Siku ya Ahadi

Mjukuu wangu Furaha,

Mama yako amefika Masisi salama na barua yako, anatusaidia kupanda maharagi. Usicheke ninapokuita mjukuu. Juzi tu nimetoka shule, lakini mimi ni shangazi ya mama yako, basi ni nyanya yako.

Unauliza namna ya kupanda kutoka skauti wadogo kwenda kwa wakubwa. Mafundo na moto utaviweza. Mimi ahadi ya skauti ndiyo ilinitisha. Kiongozi wetu alitaka nimtazame machoni nikiisema, na nyumbani nilifunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Niliinama, akanirudisha kwa wadogo. Wenzangu wakanitania, "Mutoto arudi kunyonya."

Mara ya pili Papa, baba yangu, alikuja, akaketi nyuma ya kiongozi. Niliinua macho, nikakutana na macho ya Papa. Niliogopa ataniona sina adabu. Yeye akainamisha yake, akatazama viatu vyake mpaka nikamaliza.

Siku yako sitakuwepo, na hilo linaninyima usingizi. Mwombe Papa yako akae mbele yako, nyuma ya kiongozi.

Nyanya yako mdogo,
Riziki