Bakuli la Mama Halirudi Tupu

Arusha, Jumatano asubuhi

Mume wangu kipenzi Saidi,

Assalam alaikum, mume wangu. Nimeandika "mume wangu" mara mbili kwa sababu bado naona raha kuliandika. Mimi huku baridini ni mzima, alhamdulillahi. Wewe je, unakula? Baba anapata usingizi? Kitanda chetu cha mninga bado kinalalamika upande wa ukutani, au umekipigilia misumari? Usikipigilie, fundi wangu. Nilikilalia siku kumi na moja tu kabla likizo haijaisha. Nataka nikikute vilevile.

Barua hii umeikuta ndani ya bakuli la marehemu mama yako. Ningeweza kupiga simu, lakini ungesema "mke wangu" ningelia tu, na jambo lenyewe lingebaki halijasemwa. Jambo ni hili: Jumapili, kwenye arobaini ya mama, sitakuwepo. Soma mpaka mwisho kabla hujakasirika.

Dada Neema unamfahamu kwa maneno yangu, yule mtafiti ninayemwoshea chupa hapa maabara na kuwapikia bakteria wake supu, yaani maji ya chakula wanamokulia. Huwa ananitania, "Wewe mtu wa Kilwa, unawapikia hawa kama wageni wa harusi!" Ana bakteria katika chupa mbili, na wote wanatengeneza protini moja inayong'aa kijani. Wa chupa ya kwanza ni wa kawaida. Wa chupa ya pili amewabadilisha herufi chache kwenye jeni, yaani kwenye maelekezo wanayoyafuata kutengeneza hiyo protini. Lakini amezibadilisha kwa namna ambayo protini inabaki ileile, kiungo kwa kiungo. Niliwahi kumsikia akiwaambia wageni, "Protini ya hizi mbili haitofautiani hata chembe." Neno hilo ndilo nililolishika. Mengine yote aliyowaeleza yalinipita.

Wiki iliyopita mtafiti wa chumba cha jirani aliiazima chupa ya pili, akairudisha supu imebaki kidole kimoja. Dada Neema hakuwepo. Saidi, ilinishinda kuitazama. Nilimkumbuka mama siku ninaondoka Kilwa Masoko, ananikabidhi bakuli hili limejaa visheti: "Mwanangu, chombo cha mtu hakirudi tupu. Huna kitu, tia hata chumvi." Nikaona haya kwa niaba ya yule jirani. Nikachukua supu ya chupa ya kwanza, nikajazia ya pili. Si protini ni ileile?

Kumbe bakteria wenyewe hawako sawa hata kidogo. Wa kwanza huzaana haraka, adhuhuri supu yao imeshakuwa kama maji ya mchele. Wa pili hadi alasiri supu yao bado nyepesi, na ule ukijani wao ni hafifu, protini yao ni kidogo. Wale wa kasi wakawafunika wa polepole, na Jumatatu vipimo vikatoka sawasawa kwa chupa zote mbili. Dada Neema alikaa kitini akafunika uso.

"Miezi yote hii najidanganya kwamba kasi yao inatofautiana," akasema. "Nitamwambia mkuu kwamba nilikosea."

Mimi nimesimama na ndoo, tiketi ya basi ya Ijumaa iko mfukoni. Hakuna aliyeniona nikijaza. Ningenyamaza, ningekuja kwako.

"Dada, ile ya pili niliijaza mimi."

"Uliijaza nini?"

"Ya kwanza. Ilirudi karibu tupu. Kwetu chombo hakirudi tupu."

Alinitazama, akacheka, kicheko kikageuka kilio. "Mwanaidi wewe! Ungeniachia tupu ningekupenda zaidi."

Baadaye alinieleza taratibu, nikaelewa kwa kazi yako. Ni kama mafundi wawili wanaochonga mlango uleule kwa mbao zilezile, ila mmoja misumari iko kiganjani, na mwingine kila msumari aufuate dukani. Mlango haubadiliki. Lakini huyu wa pili anatoa michache, na wanaomtegemea wote wamesimama.

Mkuu wa maabara hakufoka. Kazi inarudiwa kuanzia bakteria waliohifadhiwa kwenye barafu, siku nne, kupima kila nusu saa, na mashine tumepewa hadi Jumatatu tu. Mwenzangu wa zamu amejifungua, kwa hiyo tumebaki wawili. "Ruhusa yako itasogea, binti," akasema. Dada Neema alipojua ni arobaini ya mama mkwe aliniambia niende, atapima peke yake. Nilitamani kukubali, wallahi. Lakini kazi niliiharibu mimi, na peke yake hawezi.

Maziko sikuyawahi, mlimzika alasiri ya siku ileile aliyofariki. Sasa na arobaini nayo. Naamka saa ileile, navaa koti lilelile, lakini siku haziendi. Unisamehe, mpenzi wangu. Kama huwezi leo, nisamehe kidogokidogo.

Mpe baba shikamoo yangu, na umwambie nitakuja kumwomba radhi kwa magoti. Shangazi yako atakayesimamia mapishi, mwambie mkwe wake yuko naye jikoni kwa moyo. Wifi yangu mdogo mbusu, asilie sana.

Bakuli nimelijaza kahawa ya huku, wapikiwe watakaosoma hitima. Siku zile kumi na moja nilimrudishia mama bakuli hili mara tatu, na mara zote tatu likanijia tena na kitu ndani. Safari hii najua halitakuja. Kahawa ikiisha usilioshe, Saidi. Liweke kwenye rafu yake jinsi lilivyo. Nitakuja kuliosha mwenyewe.

Mkeo akupendaye hadi anaona haya,
Mwanaidi