Usaili Ndani ya Mkaja

Jumatano, 12 Oktoba

Ninaandika kwa sababu nimekatazwa kusoma. Mak Teh Rokiah, mkunga anayenilea tangu nitoke hospitali, amesema mzazi akisoma kabla ya kutimiza siku arobaini na nne, macho yake yataingia ukungu uzeeni. Vitabu vimefungiwa kabatini. Simu anayo Mama. Kuhusu kuandika, hakutamka neno. Nimeutumia mwanya huo kama inavyompasa mhitimu wa famasia wa daraja la kwanza.

Leo ni siku ya kumi na mbili. Mlo: wali, samaki wa kuchoma, pilipili manga. Jana: vivyo hivyo. Tango ni sumu, kabichi ni sumu, maji ya barafu ni kifo. Nilimuuliza Mak Teh, kwa heshima zote, kwa nini siku ni arobaini na nne na si arobaini kavu.

“Nne ni za nyongeza, mwanangu. Muuza samaki mwaminifu huzidisha kidogo juu ya mizani.”

Marejeo ya kitaaluma: hakuna.

Jumatatu, 17 Oktoba

Nimeitwa kwenye usaili! Nafasi ya mhadhiri msaidizi — moja tu. Mama ndiye aliyenisomea barua pepe, maana mimi haramu kusoma. Aliisoma polepole kama anayesoma hati ya mirathi, mpaka na anwani ya chini. Usaili utafanyika kwa video, Jumatano tarehe 26, saa nne asubuhi. Mwenyekiti ni Profesa Rafeah.

Profesa Rafeah! Makala yake naijua kwa moyo: “Mkaja, jiwe la moto na ubandiko wa paji la uso ni desturi zisizo na ushahidi.” Nimekusudia kukubaliana naye tangu salamu mpaka kwaheri. Mkataba wa kazi wa Hazwan, mume wangu, katika jimbo la Johor unakwisha Desemba. Nisipoipata kazi hii, mimi, mume wangu na mtoto tutabaki chumba hiki hiki, kwa Mama, karibu na kabati lile.

Jumanne, 18 Oktoba

Mak Teh amekataa. Amekataa huku akinikanda tumbo kwa jiwe la moto lililofungwa kwa majani na kitambaa. Sikuwa katika hali ya kubishana.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mama amembembeleza kwa siku tatu. Leo Mak Teh amelegea — kwa masharti. Nusu saa tu. Mkaja, kile kitambaa nilichozungushiwa tumboni, haufunguliwi. Soksi hazivuliwi. Ubandiko wa manjano pajini haufutwi.

“Mak Teh, nitaonekana na watu wakubwa. Nitakwendaje na uso wa manjano?”

“Upepo ukikupanda kichwani, hayo majibu yako utayatafuta chini ya kitanda. Watu wakubwa wenyewe walizaliwa na nani? Na mashine?”

Lazima nikiri jambo. Maumivu ya kiuno yamepungua tangu nifungwe mkaja. Sampuli ya mtu mmoja haithibitishi chochote. Hata hivyo, yamepungua.

Jumatano, 26 Oktoba

Nitaandika kwa utaratibu.

Saa nne kasorobo, Mak Teh alipokwenda kuchemsha majani ya kuogea, nilivunja sharti la nne. Nikaufuta ubandiko. Ukatoka, manjano yakabaki! Nikasugua kwa sabuni. Paji la uso likawa la manjano yenye wekundu, kama embe lililoanguka. Nikaushusha mtandio hadi kwenye nyusi.

Kwenye skrini walikuwa watatu: Profesa katikati, na mabwana wawili waliokuwa wakisoma karatasi. Nilianza vizuri, ila mtandio ulikuwa ukiteleza nyuma. Nilisema utafiti wangu juu ya manjano ulitumia panya arobaini, na kwamba, kama Profesa alivyobainisha katika makala yake —

“Ngoja kwanza. Wewe, siku ya ngapi?”

“Samahani, Profesa?”

“Tangu ujifungue. Siku ya ngapi?”

“Ya ishirini na sita, Profesa.”

“Na umeketi kwenye kiti! Bila mto! Nani anakuangalia?”

Nikamtaja Mak Teh. Akaniamuru nisimame. Nikasimama. Akaniamuru nigeuke. Nikageuka, mimi na mkaja wangu wa mita kumi, mbele ya jopo la usaili la chuo kikuu. Bwana wa kushoto aliinamia karatasi zake kwa bidii.

“Mafundo ya mkono,” Profesa akasema, sauti imebadilika. “Tazameni. Mjini siku hizi wanafunga kwa zipu! Binti yangu anajifungua mwezi ujao, na kila mkunga ninayempigia ananitumia orodha ya vifurushi na bei zake.”

Nilijaribu kurejea kwa panya. Bwana wa kulia akauliza swali moja, la tarehe ya kuhitimu. Kisha Profesa akatangaza kuwa muda umekwisha, na kwamba sehemu ya pili ya usaili ataifanya mwenyewe, ana kwa ana, nyumbani kwetu, “kwa kuwa mtahiniwa hapaswi kusafiri.” Atakuja na binti yake. Mak Teh awepo.

Aliaga hivi: “Na hilo paji, nani kakwambia ulifute?”

Alhamisi, 27 Oktoba

Mak Teh amesikia jina.

“Rafeah yupi? Yule aliyesema redioni sisi tunawapaka watu matope?”

“Hakusema matope, Mak Teh. Alisema ‘vitu visivyopimwa’.”

“Basi aje anipime.” Akaukaza mkaja kuliko siku zote. “Simpokei.”

Nilimweleza kila kitu: Desemba, Hazwan, nafasi moja. Nililia, na kulia pia kumekatazwa. Alinifuta machozi kwa ncha ya kanga ya mtoto, akafunga fundo la mwisho.

Ijumaa, 28 Oktoba

Asubuhi Mak Teh kaja na jibu. Binti atapokelewa; mtoto wa tumboni hana makala. Mama yake, Profesa, naye atapokelewa, ila atakaa mkekani na kuulizwa maswali kwanza. Akijibu vizuri, ndipo aniulize mimi yangu.

Adhuhuri ujumbe wa Profesa ukafika. Mama akausoma: Alhamisi, tarehe 3 Novemba, saa nne kamili.

“Saa tatu,” akasema Mak Teh, hajainua hata kichwa. “Anayehitaji mkunga hapangi saa.”

“Mak Teh, huyu ndiye atakayeniajiri!”

“Na huyo huyo ndiye atakayeniomba mimi.”

Mama akanitazama. Mak Teh akaendelea kutwanga tangawizi. Nikamwomba Mama simu. Akanipa bila ubishi, kwa mara ya kwanza tangu nijifungue. Nimeandika, nimefuta, nimeandika tena, kwa adabu yote ya kitaaluma niliyofundishwa:

“Mheshimiwa Profesa, Alhamisi, tarehe 3 Novemba, saa tatu asubuhi. Tafadhali usichelewe.”