Viatu Vyangu Ndani ya Picha Yako ya Mwisho

Yusufali, ndugu yangu,

Nimekuja kaburini kwako mara mbili, na mara zote mbili nimeondoka kabla ya kusema nililokujia. Nilisoma Fatiha, nikageuka. Kwenye karatasi labda nitathubutu, maana mkono ukitetemeka naweza kuuweka chini nikaupumzisha.

Nianze na habari za nyumbani. Duka lenu la misumari na rangi lingali wazi; ami yako ndiye anayekaa mezani sasa. Mimi ningali karani kwenye ghala lile lile la Shimanzi ulikokuwa ukija kupokea makasha yenu, na ningali na chumba changu Majengo. Mamako ni mzima wa mwili. Baada ya kukuzika, miezi minne nilikuwa nikizunguka njia ya mbali kila nilipoingia Mji wa Kale, ili nisipite mlangoni kwake.

Siku ile, kule jabalini, polisi waliniuliza nimeona nini. Nikasema sikuona kitu. Nikasema nilikuwa nimekupa mgongo, natazama bahari, na nilipogeuka hukuwapo. Askari akaandika, nikatia sahihi. Ami yako alikuwa amesimama kando, ananitazama kutoka juu hadi chini. Nilijiona kama anavyoniona: Mdigo wa chumba cha kupanga, peke yangu juu ya jabali alikoanguka mtoto wa mwenye duka. Niliogopa kwamba nikisema neno moja la kweli wataniuliza la pili, na la tatu litanitia jela.

Na kweli yenyewe ni ndogo. Ni ndogo mpaka inatia haya.

Wajua jinsi kamera yako ilivyokuwa. Uliinunua kwa mwanajeshi aliyekuwa akirudi kwao vita vilipokwisha, na ilikuja na lenzi moja tu. Yeye mwenyewe alikuambia haifai kwa mandhari, kwamba kwa bahari na mbingu yatakiwa lenzi inayokusanya mengi. Ulicheka njia nzima mpaka dukani kwenu. Ukaniambia, "Hii yaona kama mtu aonavyo, Bakari. Haivuti cha mbali wala haikusanyi. Ukitaka kingi, rudi nyuma. Ukitaka kidogo, sogea." Tukazunguka kisiwa kizima Jumapili baada ya Jumapili, wewe mbele, mimi na mfuko wa maji nyuma. Pale Makupa uliingia kwenye tope la mikoko hadi magotini kwa ajili ya hatua tatu tu, mimi nimekushikia saa na kofia, kaa wanakukimbia. Ulirudi unanuka, umefurahi kama bwana harusi.

Hukupenda watu ndani ya picha zako za mandhari. Lakini Jumapili ile, baada ya Alasiri, karibu na mnara wa taa, ukaniambia, "Hebu simama juu ya jiwe lile. Bila mtu, bahari haijulikani ukubwa wake." Nikasimama. Nilikuwa nimevaa viatu vipya vya ngozi, vya kwanza maishani mwangu ambavyo havikuvaliwa na mwingine kabla yangu. Ukapiga moja. Nikakuuliza, "Viatu vimeingia?" Ukasema, "La, nimekukata magotini." Nikakuambia, "Rudi basi. Nataka vionekane."

Ukarudi, jicho kwenye kidirisha cha kamera. Ukarudi tena. Nikasikia kamera imelia, tak. Halafu pale ulipokuwa pakawa na mbingu.

Kamera ilikuwa imekuponyoka mkononi, imeangukia majanini. Sikukuona ukienda, Yusufali. Hapo sikudanganya. Uso wangu ulikuwa umeelekea kwako, lakini macho yalikuwa chini. Nilikuwa nikitazama viatu.

Mwezi wa tano tangu tukuzike, mamako akamtuma mtu ghalani kuniita. Nilipomwona yule mjumbe mlangoni, kalamu iliniponyoka. Nilikwenda nikiamini kwamba ami yako na polisi wananingoja ukumbini. Nikamkuta mamako peke yake, kamera mapajani, ameifunga kwa kitambaa chako cha shingo. Akasema, "Polisi wameirudisha. Nimeambiwa ndani mna filamu. Wewe ndiye uliyekuwa ukimsaidia kusafisha picha. Nitolee picha za mwanangu."

Nikasema, "Inshallah, Mama." Nikaipokea kamera kwa mikono miwili.

Niliiweka chini ya kitanda wiki tatu. Kila aliponiuliza, nilimwambia dawa hazijafika. Nilikuwa nikiota filamu ile yajifungua yenyewe na kutoka mlangoni kama nyoka, yaenda zake kituoni. Kwa sababu nilijua kilichomo. Mle ndani mlikuwa na mimi, uso wangu umekuelekea, na mle kwenye daftari la polisi mlikuwa na sahihi yangu kwamba nilikupa mgongo. Nilifikiri kuifungua juani iungue. Siku moja niliishika kamera, nikaweka kidole pale pa kufungulia. Nikakumbuka matope ya Makupa. Picha zile za Makupa zilikuwa humo humo pia, na mamako hajaziona. Nikaondoa kidole.

Mwishowe nikaenda, Jumamosi adhuhuri. Nilisafishia mle mle stoo mwenu, tulimokuwa tukiziba dirisha kwa gunia. Mamako alikaa nje ya mlango kwenye kibao, na kila mara nilimsikia akivuta uradi wake. Filamu ikatoka nzima. Nikaiinua kwenye mwanga ikidondoka maji: mikoko, daraja la Nyali, mawingu, mawingu tena. Na mwisho mtu mdogo, filamu imemgeuza mweupe, juu ya jiwe jeusi, mara mbili.

Mkasi ulikuwa mkononi mwangu, ule wa kukatia filamu. Kuondoa zile mbili kungekuwa kukata mara moja tu. Mamako hajui zinatakiwa kuwa ngapi. Nilisimama pale hata nikasikia anasema kutoka nje, "Bakari, mwanangu, zimeharibika?" Aliuliza kwa woga, kama mgonjwa anayemuuliza daktari. Sikujua kwamba na yeye alikuwa akiogopa. Nikasema, "La, Mama. Zi nzima zote." Nikauweka mkasi rafuni.

Jumamosi ya pili nikampelekea picha zilizokwisha chapishwa. Alizitazama moja moja, akizishika pembeni. Ya Makupa aliibusu. Alipofika ile ya mwisho aliitazama muda mrefu. Imeenda upande kidogo, bahari imeinama kama inataka kumwagika, na katikati nimesimama mimi, nanyosha kidole miguuni, nacheka meno yote nje. Viatu vinaonekana vizuri, Yusufali. Mpaka kamba zake.

Mamako akasema, "Ulituambia ulimpa mgongo."

Nikamwambia yote. Sikukaa kitini, nilikuwa nimepiga magoti bila kujua. Nilipomaliza hakulia wala hakunifukuza. Aliziweka picha bahashani, ile ya mwisho akanipa mkononi. Kisha akasema, "Nenda kituoni ukawaambie kama ulivyoniambia mimi. Ukitoka salama, urudi hapa. Usipotoka nitakuja mwenyewe."

Sijawahi kutembea njia ndefu kama ile. Inspekta aliisikiliza habari yangu huku akiigeuzageuza picha. Akaniuliza kwa nini nilisema uwongo. Nikasema, niliogopa. Akauliza, naogopa nini sasa. Nikasema, yale yale. Wakaandika upya, nikatia sahihi upya, wakaichukua picha. Akasema kwa maoni yake ni ajali, naweza kwenda, lakini nikihitajiwa nitaitwa. Mpaka leo sijaitwa. Lakini buti zikipita kichochoroni nanyamaza na chai mdomoni mpaka zimalizike.

Ami yako hajajibu salamu yangu tangu hapo. Namwamkia kila siku nipitapo dukani. Ni haki yake.

Nilirudi kwa mamako kama alivyosema. Akaniambia, "Sijui kama nimekusamehe. Sitaki kusema jambo ambalo silijui. Lakini wataka kunisaidia?" Nikasema ndiyo. Akasema, "Nipeleke nikapaone."

Tulikwenda Jumapili iliyopita. Alijitanda mtandio wake mweusi, na kamera aliibeba yeye, imefungwa katika kile kitambaa. Kizingo, kule kwenye mnara wa taa, kulikuwa kimya, wazungu wamelala. Tulipofika pale penye majani, niliishia hapo. Nilisimama hatua kumi kutoka ukingoni, nikashika shina la mchongoma kama mlevi. Mamako akaendelea. Alisogea mpaka mwisho, akachungulia, upepo unampiga mtandio, na mimi nimefumba macho nikisoma nilichokumbuka katika Kurani.

Aliporudi alisema, "Kumbe chini si mbali." Kisha akanipa kamera. "Nipigie pahali hapa. Pasiwe na mtu."

Nikamwambia siwezi. Nikamwambia kweli kabisa: jicho likiingia kwenye kidirisha sitajua ardhi imeishia wapi. Akanijibu, "Basi piga. Mimi nitakushika."

Akapita nyuma yangu, akalikamata koti langu kwa mikono miwili, pale mgongoni. Ni mwanamke mfupi, wamjua, na mikono yake imejaa baridi yabisi. Ningeteleza angekuja pamoja nami. Bado nilitetemeka. Nilitia jicho. Mnara haukuenea. Nikamwambia, "Mama, nirudi kidogo?" Nikamsikia akigeuka kutazama nyuma, akatazama tena. "Rudi moja," akasema. Nikarudi moja. "Hapo basi. Usizidi." Nikapiga. Hakuliachia koti mpaka tulipofika barabarani.

Filamu hiyo bado imo kamerani. Nitaisafisha Jumamosi, na najua itakuwa imetikisika.

Ndugu yangu, lala. Nisamehe kama huko inawezekana. Siwezi kukuahidi kwamba sitaogopa tena. Nakuahidi kwamba yeyote atakayeniuliza ulivyokufa, awe hakimu, awe ami yako, awe mwanangu siku nikijaaliwa, nitamwambia nilikuwa nikitazama wapi. Na mamako akitaka kwenda popote kisiwani humu, nitakwenda naye.

Wako,
Bakari