Leo Nimeijaza Kartushi Mwenyewe

Rumonge, Jumatano. Mvua ya asubuhi imekatika, ziwa limegeuka rangi ya udongo, na mimi nina hasira. Iko hasira inayomchosha mtu, na iko inayomwamsha. Yangu ya leo ni hiyo ya pili.

Anayesoma hapa kwa mara ya kwanza ajue: nina sekretariati ndogo karibu na soko, chumba kimoja chenye kompyuta na mashine ya kuchapa. Mume wangu ndiye aliyeifungua. Alipofariki nikabaki nayo. Mdogo wake, Haruna, anakitaka chumba aweke madumu yake ya mawese. Hanifichi. Kila wino unapoisha huja kusimama mlangoni na kusema mashine yangu inakunywa kuliko mlevi, na faida yote inaishia kwa wauza wino wa Bujumbura.

Kuhusu hilo la mwisho hakosei. Ndilo linaloniuma.

Kubana nimebana. Anayetaka karatasi ya kusoma na kusahihisha tu, namtolea kwa wino hafifu. Matangazo yenye picha kubwa nyeusi nayakataa. Lakini kartushi, kile kikasha cha wino wa poda, ikiisha ni kununua mpya, na fundi anayeniuzia alinionya: "Ukitia poda ya kujaza, mashine ikikufia usinipigie simu." Kwa hiyo chupa ya poda niliyonunua kwa mama mmoja wa Uvira ilikaa chini ya meza, naiogopa kama sumu.

Leo mvua ikinyesha akaingia Mama Ansila. Yeye na mumewe walirudi kutoka ukimbizini Tanzania, mumewe akafa, na sasa kuna mtu analima shamba lao kule Bugarama. Alasiri hii alitakiwa apeleke kwenye ofisi ya ardhi barua ya maelezo na fotokopi za karatasi za shamba. Nilimwandikia barua vizuri. Ukurasa wa kwanza ukatoka umefifia katikati. Wa pili ukatoka mweupe kabisa.

Na Haruna alikuwa amefika.

"Shemeji, funga tu. Mwambie huyu mama aende kwingine."

Mama Ansila alivuta kiti akakaa, bahasha kifuani. Nadhani kule kukaa kwake ndiko kulikonitoa woga.

Nikatandika gazeti kuukuu, nikajifunga kitambaa puani, nikaichomoa kartushi. Nikatoa kizibo, nikamwaga unga uliochakaa, nikamimina poda mpya polepole, nikafunga, nikaitikisa huku na huku. Ukurasa ukatoka na mstari mweusi kutoka juu mpaka chini, umepita juu ya jina la marehemu mume wa Mama Ansila.

Haruna akacheka. "Si nilisema? Umeiua."

Nikaitoa tena kartushi, nikafuta poda iliyomwagika kwa kitambaa kikavu, mpaka kwenye pembe. Nikairudisha. Tukangoja mashine ipate moto.

Ukurasa ukatoka safi. Mweusi wa kweli.

Mama Ansila aliusoma wote kwa sauti, na alipofika kwenye jina la mumewe hakukwama. Akanishika mkono wangu mchafu, akashukuru. "Murakoze, mama. Sasa niko na kitu cha kuwaonyesha." Akazificha karatasi chini ya kitenge zisilowe, akaenda.

Haruna alibaki. "Leo imekubali. Kesho ikikataa?"

"Nitaifungua tena. Na ikifa, nitakuwa nimeiua mwenyewe. Ufunguo wa chumba sitoi."

Nilisema hivyo, mbele ya wateja waliokuwa wameshaingia! Mimi ambaye kwake sikuwa na neno ila "ndiyo, shemeji". Aliondoka bila kuaga.

Sijui kama Mama Ansila atarudishiwa shamba lake. Sijui mashine itadumu mpaka lini. Nimenawa kwa maji baridi, maana ya moto huigandisha poda, na bado kucha ni nyeusi. Sijali.

Kabla ya kufunga nilichapa karatasi moja kwa herufi kubwa kuliko zote nilizonazo: HAPA TUNAJAZA KARTUSHI. Wenye mashine wa Muhuta na Nyanza-Lac wanalia kilio hikihiki. Waje tu.

Asubuhi naibandika. Itakayemuudhi, asiisome.