Kura Mbili za Mama

Jumanne, 9 Septemba 2025

Bahasha imefika kutoka Nairobi! Nakala za daftari la wapigakura wa Nyanza Kaskazini, 1957 – eneo la uchaguzi ambalo siku hizi hakuna anayelitaja. Nimezingojea miezi minne. Kaka yangu Osundwa anataka nisome historia ya baba, mzee Erastus, kwenye kumbukumbu ya miaka kumi tangu afariki. Jumamosi ya wiki ijayo, nyumbani Butere.

Nimekula viazi baridi. Kupikia mtu mmoja kunachosha.

Jumatano, 10 Septemba

Nimempata baba. Karani wa soko, kura moja. Enzi hizo mkoloni alimpimia Mwafrika kura – kwa elimu, kwa mali, kwa kazi. Mmoja moja, mwingine tatu, wengi hata moja hawakupewa.

Halafu, mistari miwili chini yake: Awinja, mke wa Erastus. Mwalimu. Kura mbili.

Mama!

Nimesema kwa sauti. Nyumba kimya. Tangu mke wangu afariki, sauti yangu humu ndani hunishtua.

Mama alisema mpaka anakufa – mimi nilimpita baba yenu kwa kura. Baba alitikisa kichwa tu, mama yenu anaota. Sisi tukacheka. Mimi kuliko wote. Nilimwiga hata mbele ya wageni.

Nimempigia binti yangu Gentrix, Doha. Hashiki. Yuko kazini.

Alhamisi, 11 Septemba

Mvua mtaa wote wa Amalemba. Sijaongea na mtu ila muuza maziwa.

Jumamosi, 13 Septemba

Nimeenda Kabras kwa Mama Khalayi, aliyefundisha na mama. Miaka tisini na moja, sikio moja linasikia. Nimemwonyesha ukurasa.

"Mama yako alikuwanga mkaidi!" Akacheka hadi akakohoa.

Akanisimulia: baba alimkataza mama kwenda, kura ni kazi ya wanaume. Mama akaenda, mimi mgongoni. Karani wa uchaguzi akaita majina kwa sauti, pamoja na kura za kila mtu. Erastus, moja. Awinja, mbili. Foleni ikaangua kicheko. Mmoja akamuuliza baba, leo nani atampikia mwenzake? Jioni baba alichoma cheti cha mama cha ualimu kwenye mafiga.

"Hakurudi kufundisha?"

"Arudi na nini, mwana wanje, mwanangu?"

Sisi tuliambiwa aliacha kazi ili atulee.

Kumbe nilikuwepo. Miaka mitatu, mgongoni pake. Sikumbuki kitu.

Jumapili, 14 Septemba

Nimemweleza Osundwa kwa simu. Akasema – hiyo si historia, huo ni udaku. Kanisa lote litakuwa pale.

"Mzee hawezi kujitetea, Willis."

"Na mama anaweza?"

Akasema mama aliishi vizuri, hakukosa kitu. Akakata.

Ijumaa, 19 Septemba

Nimeandika mara tatu. Bila mama, kurasa mbili safi, zinasomeka vizuri. Na mama, nakwama. Si kwenye cheti. Nakwama kwenye neno moja: nilicheka. Baba alichoma karatasi jioni moja. Mimi nilimcheka mama zaidi ya miaka thelathini, naye akiendelea kunipakulia obusuma, ugali wetu.

Gentrix alipiga, nilikuwa naoga. Nikampigia, hashiki.

Jumamosi, 20 Septemba – asubuhi

Nimevaa suti. Osundwa amefika na gari, hataki kuingia. Ameniuliza dirishani kama nimebeba yale tuliyokubaliana. Sikumbuki tulikubaliana lini. Nimemwambia angoje kidogo, natafuta miwani.

Iko usoni.

Kurasa ziko mezani, zile safi na zile za mama. Mkono wangu umelala juu ya zile zenye jina la mama. Honi. Nimemjibu, nakuja! Sijainuka. Honi tena –