Kabati la Sayansi Limefungwa

Kisegi,
S.L.P. Homa Bay,
11 Septemba 1966.

Mpendwa Dada Roseline,

Nianze na jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata Mama. Ninafundisha sayansi darasa la sita, nami sikuwahi kufundishwa sayansi. Shuleni kwetu saa ya sayansi ilikuwa ya wavulana. Sisi wasichana tulipelekwa jikoni kujifunza upishi. Mwalimu mkuu hakuniuliza, nami niliona haya kusema.

Sasa pokea salamu zangu. U mzima huko Nakuru? Kifua kimepona? Sisi tu wazima, ila Mama anasumbuliwa na magoti, na jua limeacha mihogo tu shambani.

Kinachonichoma ni kabati la ofisini. Ndani yake kuna kitabu cha mwalimu cha sayansi, betri, nyaya na balbu, vyote vingali kwenye nyasi kavu vilizofika nazo. Kila nikiomba, mwalimu mkuu anasema watoto watavivunja, na mkaguzi lazima avikute vipya. Mimi nina chaki, na kitabu cha wanafunzi ambacho kila mara kinaniambia nitazame kitabu cha mwalimu.

Tulipofika somo la tumbo la ndege nikaona hili angalau nalijua kutoka jikoni. Nikawaambia watoto, atakayechinja kuku kwao aniletee matumbo. Phelesia, msichana mpole kuliko wote, akaleta firigisi ya jogoo aliyechinjiwa babu yake. Tukaipasua, tukaona vijiwe na mtama uliosagika. Darasa zima lilisogea mezani kutazama. Sijawahi kufurahi vile.

Babu sikumfikiria kabisa. Nawe unajua kwetu firigisi ni ya mwenye boma. Kumwandalia kuku bila hiyo ni kumwambia hahesabiki tena. Kesho yake alikuja na fimbo yake, akasimama mlangoni mwa darasa, akaniuliza taratibu, "Binti yangu, firigisi yangu imefika darasa la ngapi?" Watoto walicheka hadi wakalalia madawati. Mimi nilitazama viatu vyangu.

Mama alinitolea jogoo nikampelekea mzee, naye akanisamehe. Mwalimu mkuu hakunisamehe. Alisema, "Kuanzia leo, hakuna kitu cha nyumbani. Fundisha kilichomo kitabuni." Nilitaka kumuuliza ni kitabu kipi, lakini nikachukua chaki yangu nikarudi darasani.

Mwezi ujao mkaguzi anakuja kuona somo langu, na somo lenyewe ni umeme. Kabati litafunguliwa siku hiyo hiyo, kwa hiyo nitaunganisha nyaya kwa mara ya kwanza maishani mbele ya macho yake. Nikishindwa, darasa atapewa mwingine. Ningekuwa siipendi kazi hii nisingeumia hivi. Tafadhali nitumie kitabu chako cha sayansi cha chuoni, hata kama kimechanika. Kama hakipo, nichoree tu waya unaanzia wapi na kuishia wapi.

Nisalimie shemeji James na mtoto Teresa. Mungu awafunike usiku na awaongoze mchana. Na lile la kupelekwa jikoni saa ya sayansi, dada, lisitoke kwako, hata kwa shemeji. Siku nitakapoweza kulifundisha somo hili bila kutetemeka, nitalisema mwenyewe.

Mdogo wako akupendaye,
Zilpah